Nyumba ikititia upande mmoja: namna ya kuutambua na kuutengeneza msingi Mwanza na kando ya ziwa

Nyumba inayoshuka sawasawa pande zote haipasuki, na mwenye nyumba anaweza kuishi humo miaka asijue. Mwanza bahati hiyo hatuna, kwa sababu ya mawe. Kiwanja cha mlimani, kiwe Mabatini, Igogo au Kitangiri, mara nyingi huchongwa upande wa juu, kisha kifusi chake kinasukumwa upande wa chini ili ipatikane sehemu tambarare ya kujengea. Chumba cha nyuma kinakaa juu ya mwamba usiosogea. Sebule inakaa juu ya kifusi kinachoshuka kila mvua inapokolea. Ukuta ulio katikati hapo ni kama mtu aliyeweka mguu mmoja gatini na mwingine mtumbwini.

Mpangilio wa mwongozo huu mafundi wengi hawaupendi, kwa kuwa unachelewesha kazi yenye malipo. Unaanza na vipimo, unakwenda kwenye maji, kisha udongo. Ufa wenyewe unashughulikiwa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Usome ufa

Chukua tochi, rula na penseli, uzunguke nyumba ndani na nje. Nyufa nyembamba zisizofika milimita 1, zilizosambaa ovyo kwenye plasta, ni za plasta iliyokaushwa haraka na jua. Gonga kwa kidole: ukisikia uwazi, plasta imeachana na tofali. Bandua upige upya, msingi hauhusiki.

Ufa wa kuutilia maanani una tabia zake. Huanzia kona ya dirisha au mlango, ukashuka kwa mshazari ukifuata maungio ya tofali kama ngazi. Huonekana ndani na nje mahali palepale. Tena haulingani upana: upande mmoja mpana, upande mwingine unafifia.

Hapo kwenye upana ndipo penye habari. Ufa mpana juu na mwembamba chini unasema mwisho wa ukuta, yaani kona ya nyumba, ndio unaoshuka na kulalia nje. Ufa mpana chini na mwembamba juu unasema sehemu ya katikati imedidimia, kona zimebaki. Ukishalijua hilo, unajua pa kuchimba, na unaweza kumpima fundi: anayetaka kuanza kazi kabla hajauliza ufa ni mpana wapi, mpe soda aende.

Kuhusu ukubwa, mpaka milimita 5 nyumba bado inatengenezeka kwa kazi ndogo, alimradi ufa hauendelei. Kati ya 5 na 15 milango na madirisha huanza kukwama, na mabomba yanaweza kuvuja. Ukizidi 15, mwite mhandisi. Ukizidi 25, au ukiona ukuta umelala, usilaze watu chumba hicho.

Tazama na dalili ndogondogo: komeo lililokuwa likiingia vizuri sasa linagota chuma, mlango unasugua juu upande mmoja tu, dari imeachana na ukuta, kibaraza cha nje kimejitenga na nyumba ikabaki nafasi ya kuingiza vidole. Moja peke yake haithibitishi kitu, mbao nazo huvimba. Tatu kwa pamoja, upande uleule wa nyumba, hazidanganyi.

Kuna pia nyufa za tetemeko. Nyumba kadhaa ukanda huu wa ziwa, hasa Kagera, zilipasuka Septemba 10, 2016. Ufa wa namna hiyo ulikuja siku moja ukabaki ulivyo. Kama haujasogea tangu hapo, huna tatizo la kutitia. Ruka uende hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Uuwekee ufa alama, usubiri

Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, sehemu mbili au tatu za ufa huo. Pima kutoka katikati ya kichwa cha msumari hadi katikati ya kichwa cha mwenzake, uandike kipimo na tarehe palepale ukutani kwa penseli. Rudia kila mwisho wa mwezi. Wengine hubandika kipande cha kioo kwa saruji kukingamisha ufa. Kikikatika utajua ukuta umesogea, ila hutajua umesogea kiasi gani, wala kama umerudi. Misumari ni bora.

Kisha pima levo ya nyumba nzima. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wanaotumia mafundi, mrefu wa kutosha kuzunguka nyumba. Ujaze, toa mapovu yote ya hewa (povu moja linaharibu kipimo chote), weka alama ya usawa wa maji kwenye kila kona, halafu pima kutoka alama hiyo kushuka hadi kozi moja ya tofali (safu moja ya ulalo) uliyoichagua. Tofauti ya sentimita 1 inaweza kuwa ya fundi aliyejenga. Tofauti ya sentimita 3 au 4 kwenye kona moja, ileile yenye ufa, ni ya ardhi. Rudia baada ya msimu mmoja, uone kama namba zimebadilika.

Najua kusubiri kunaudhi. Lakini mvua zetu zinasaidia, kwa kuwa zinakuja kwa awamu: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na katikati ya mwaka kiangazi cha kweli. Ufa unaopanuka mvua ikinyesha, ukatulia kiangazi, unakuonyesha kifusi kinacholowa na kushuka, au maji yanayochukua udongo chini ya msingi. Unaopanuka kiangazi ukajifunga mvua zikirudi unatokana na udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Na usiosogea msimu wowote ni jeraha la zamani: nyumba ilishuka, ikapata pa kukaa, basi. Magonjwa matatu hayo yana tiba tatu, na anayetumia moja kwa yote anakula hela yako.

Hatua ya 3: Fuata maji

Nyumba nyingi za milimani zinaweza kutulia hapa, bila kuchimbwa chini ya msingi hata mara moja. Subiri mvua kubwa, vaa buti, utoke nje uangalie maji yanapita wapi. Utayaona yakishuka kutoka kwa jirani wa juu, yanagonga ukuta wako wa nyuma, yanatafuta njia kando ya msingi. Utaona bati lisilo na gata likimwaga kamba ya maji palepale kwenye shina la ukuta na kuchimba mfereji.

Kazi zenyewe ni hizi. Upande wa juu wa nyumba chimba mtaro wa kukinga, uujengee kwa mawe na saruji, uyazungushe maji hadi kwenye mtaro wa mtaa. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini, maana hapo unahamisha ufa kutoka kwako kwenda kwake, na atakuja na mwenyekiti wa mtaa. Weka gata, bomba lake litoe maji angalau mita 3 mbali na ukuta au liingie kwenye tenki. Zungushia nyumba kibaraza cha zege chenye upana wa mita 1, chenye mteremko wa sentimita 5 kwenda nje. Kibaraza ambacho kimelalia ndani ni kibaya kuliko kukosa kibaraza, kwani kinakusanya maji na kuyapeleka kwenye ufa uliopo kati yake na ukuta.

Mabomba nayo. Usiku funga koki zote, soma mita ya maji, soma tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na mvujo wa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, unalegeza udongo kimyakimya kwa miaka. Shimo la maji ya bafuni na choo likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, na upande wa chini wa mteremko. Kama bomba kubwa la maji machafu limepita kwako, angalia pale linapoacha nyumba: nyumba ikishuka, hapo ndipo hukatika kwanza, na maji yake yanaongeza kushuka.

Ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini ya nyumba unastahili jicho la peke yake. Hauna matundu ya kutolea maji? Basi kila masika umebeba udongo pamoja na maji, na unasukumwa nje taratibu huku ukiburuta sebule yako. Toboa, weka vipande vya bomba la PVC kila mita moja na nusu hivi, na nyuma yake kokoto ili yasizibe.

Ukimaliza yote hayo, rudi kwenye misumari. Ikipita masika nzima haijasogea, umemaliza kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Hatua ya 4: Chimba shimo la kuchungulia

Misumari ikiendelea kusogea, lazima uone msingi umekaa juu ya nini. Chimba shimo moja pembeni ya kona inayoshuka, upana wa kumtosha mtu kuchuchumaa, hadi uone kitako cha msingi. Usichimbe kona mbili kwa pamoja.

Kwenye nyumba moja ya mteremkoni Nyamanoro, mama mwenye nyumba alikuwa na harusi mwezi unaofuata. "Fundi, si tuuzibe tu huu ufa kabla wageni hawajaja?" "Mama, tukiuziba leo, masika utaniita tena." Akakubali shingo upande, tukachimba. Msingi wenyewe ulikuwa mzuri, mawe yamepangwa vizuri, mota (saruji na mchanga) ya kutosha. Chini yake sasa: udongo mwekundu wenye kokoto za mlimani, kisha ikatoka ndala, kisha mfuko wa nailoni, magunzi, na tabaka la mkaa. Msingi mzima wa sebule ulijengwa juu ya jalala lililofukiwa. Mama akaishika ile ndala, akaigeuza, akasema, "Hata kiwanja waliniuzia na kiatu."

Kwa hiyo angalia rangi na vitu. Udongo wa asili una rangi moja au hubadilika kwa matabaka. Kifusi kina mchanganyiko na takataka. Chukua nondo ya milimita 12, uisukume chini kwa mikono miwili ndani ya shimo. Ikizama kirahisi, endelea kushuka. Ikigoma, na mtaimbo ukitoa sauti kavu, umefika pagumu.

Tahadhari ya Mwanza peke yake: jiwe kubwa si lazima liwe mwamba. Mawe mengi ya milimani yamelala tu ndani ya udongo, na maji yakila udongo wa chini, jiwe lenyewe linainama na nyumba juu yake. Chimba ubavuni mwa jiwe. Ukikuta udongo unaendelea kwa chini, hilo jiwe ni mpangaji kama wewe. Na usiruhusu mtu kulipasua kwa moto au nyundo kubwa karibu na ukuta ulioanza kupasuka. Hapo mhandisi anahitajika.

Hatua ya 5: Kuweka msingi mpya chini ya wa zamani

Nianze na kisichofaa, kwa sababu ndicho kinachofanywa sana: fundi anachimba kando ya msingi, anamwaga zege ubavuni, anasema ameuvisha koti. Zege hilo halijabeba chochote. Limeongeza uzito juu ya udongo uleule dhaifu, na likishikana na msingi linauvuta chini zaidi.

Kazi ya kweli inaingia chini ya msingi, na ni ya hatari. Kwa nyumba ya ghorofa, kwa shimo litakalozidi mita 1.5, au ukuta wa kuchangia na jirani, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na uulize halmashauri yako, Jiji au Ilemela, kuhusu kibali. Kwa nyumba ya kawaida ya chini, ukiwa na fundi mzoefu, inakwenda hivi, wakati wa kiangazi tu.

Punguza mzigo kwanza. Watu watoke vyumba vya upande huo. Kama kuna tenki la lita 1,000 limepandishwa juu ya kona hiyo, lishushwe, likijaa lina uzito wa tani nzima. Egemeza lenta za madirisha kwa mirunda.

Gawa urefu wa ukuta vipande vya mita 1. Kwa msingi wa mawe, ambao ndio wa wengi hapa, punguza iwe sentimita 70 au 80, maana mawe ya chini yanaweza kuchomoka na kukuangukia. Viandike kwa chaki kwa mpangilio huu: 1, 3, 5, 2, 4, kisha rudia 1, 3, 5, 2, 4 hadi mwisho wa ukuta. Vyenye namba 1 vinachimbwa kwanza, vikikamilika ndipo vya 2, na kuendelea. Kwa mpangilio huo vipande viwili vilivyopakana haviwi wazi kwa pamoja, na wakati wowote ni sehemu moja tu kati ya tano iliyo tupu chini. Fundi akikwambia mpangilio unachelewesha, achimbe mfereji mmoja mrefu amalize, jibu ni hapana. Ukuta ukianguka, unaangukia walio shimoni.

Chimba kwanza shimo la kusimamia mbele ya ukuta, kisha ingia chini ya msingi hadi upande wa pili wa upana wake. Udongo utupwe angalau mita 1 kutoka ukingoni. Shimo likipita mita 1.2, au udongo ukiwa legevu hata kabla ya hapo, zuia kuta zake kwa mbao na mirunda. Asifanye kazi mtu peke yake. Ukifika pagumu, sawazisha sakafu, ondoa matope. Kitako cha msingi wa zamani kisafishwe kwa tindo na brashi ya waya, mawe yanayocheza yatolewe.

Zege liwe la 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, zile ndoo za lita 20, na maji yasizidi ndoo moja na nusu. Wasaidizi wanapenda maji mengi ili zege liteleze. Simama hapo mwenyewe. Mfuko huo utakupa zege la mita za ujazo 0.16 hivi, kwa hiyo kipande cha mita 1, upana sentimita 60 na kina sentimita 90 kitakula mifuko 3 na nusu. Mimina, shindilia kwa fimbo, uishie sentimita 5 hadi 7 chini ya msingi wa zamani. Acha nafasi hiyo makusudi. Zege husinyaa kidogo likikauka, na ukilimimina hadi juu litaacha uwazi usioonekana, nyumba ishuke tena kuufuata.

Baada ya saa 24, saa 48 ni bora, jaza nafasi hiyo kwa mota kavu ya 1:3. Ukiifinya mkononi ibaki na umbo la vidole bila kutoa maji. Ishindilie kutoka ndani kuja nje kwa kipande cha mbao na nyundo, kidogo kidogo, hadi nyundo ianze kuruka. Huu ndio moyo wa kazi yote, na ndipo mafundi wanapolipua kazi, kwa sababu kumejificha na kunachosha mkono. Acha siku 3, fukia kwa matabaka ya sentimita 15 ukishindilia kila tabaka, ndipo ufungue namba inayofuata.

Ukiwa kwenye mbuga, au ufukweni

Mabonde ya Misungwi, Kwimba na Magu, na mabonde ya pembezoni mwa jiji, yana udongo mweusi. Wakulima wa Kisukuma wanautofautisha na luseni, ile ardhi ya kichanga, tangu zamani, na nashangaa kwa nini tukinunua kiwanja hatuwaulizi. Pale, shabaha ni unyevu usiobadilika: kibaraza kipana cha mita 1.5 hadi 2, maji ya bati mbali, na hakuna bustani ya kumwagilia ukutani. Mkaratusi mkubwa ukae mbali na nyumba, umbali usiopungua urefu wake. Kama tayari upo, usiukate ghafla, kwani udongo ulioukausha utavimba na kuinua sakafu. Upunguze matawi msimu kwa msimu. Kuingia chini ya msingi huku kunahitaji kina cha kupita udongo unaobadilika, na hiyo ni hesabu ya mhandisi.

Ufukweni nitasema kwa ufupi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyozoeleka kwa miongo mingi, na 2024 likapanda tena. Mchanga uliolowa hadi kwenye kitako cha msingi umepoteza nguvu, na hakuna shimo utakalochimba lisijae maji. Juu ya hilo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kama nyumba yako iko ndani ya hizo mita, weka saruji yako mfukoni kwanza, ukaulize halmashauri.

Hatua ya 6: Sasa ufa

Misumari ikitulia msimu mzima wa mvua, fungua ufa kwa tindo hadi ufikie tofali. Tofali zilizokatika zitolewe, ziwekwe nzima. Kila baada ya sentimita 45 kwenda juu, chimbua mota ya maungio ya ulalo kwa kina cha sentimita 3 hadi 4, nusu mita kila upande wa ufa. Lowanisha, weka mota, ingiza nondo ya milimita 6 yenye urefu wa mita 1, ifunike kwa mota nyingine. Mwagilia siku 3. Pigilia waya wa kuku upana wa sentimita 30 juu ya mstari wote, kisha piga plasta ya 1:4.

Milango usiirande kabla ya hapo, itaanza kucheza upande mwingine. Rangi nayo ingoje vuli na masika zipite, na misumari ya alama iache ukutani, iwe imepakwa rangi au la.